Jasper wa Ukurasa wa 212

Ormsthorpe, 6 Novemba 1983

Mpwa wangu Lorna,

Salamu nyingi, na natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lincoln kwenye makaratasi yako. Mimi sijambo, ila mgongo. Daktari aliutazama akasema hajapata kuona mgongo kama huu kwa mtu aliye hai. Nikamwambia miaka arobaini ya kuchimba mitaro si mchezo, mwingine angekuwa kishazikwa humo humo mtaroni.

Sasa sikiliza. Tangu mkaza mjomba wako Maud atutoke mwezi wa Agosti, majivu ya mwili wake yamo koponi juu ya kabati la vyombo, kando ya kopo la biskuti. Kila nikitaka biskuti namwomba radhi. Kule hospitalini aliniambia, "Cyril, niweke popote utakapoona sawa, ila usinipeleke makaburi mapya ya kilimani. Kuna upepo." Unamjua, upepo ulikuwa adui yake. Miaka thelathini ulimtupia nguo, kamba nzima, kwenye matope ya Hobday jirani yetu. Nikamwahidi: utalala kanisani, chini ya sakafu, pamoja na babu zangu. Akacheka. Ndiyo mara ya mwisho kumwona akicheka, kwa hiyo ahadi ni ahadi.

Basi Kasisi Pym anasema baada ya Pasaka mafundi watainua mawe ya sakafu kwenye kile kikanisa cha ubavuni alipolala Sir Fulk Tharrold, yule bwana wa zamani mwenye jina letu, wa sanamu ya jiwe isiyo na pua. Desturi ni kwamba chini ya mawe yale huwekwa watu wa damu ya Sir Fulk na wake zao, hakuna mwingine. Nikamwambia, Kasisi, damu ndiyo hii imesimama mbele yako. Akasema, "Sikatai, Cyril, ila nipe karatasi." Karatasi! Na kijiji kizima kinajua pua ya Sir Fulk ilikuwaje kabla haijavunjika, maana ninayo mimi.

Wewe hapo kwenye hifadhi ya nyaraka umekalia karatasi zote za mkoa. Nichoree mstari, kutoka kwangu mpaka kwake. Mawe yakirudishwa hayainuliwi tena hata wajukuu zako wazeeke.

Mjomba wako,
Cyril

*

Lincoln, 20 Novemba 1983

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata, na mgongo nimeupa pole. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Mvua ikianza chumba chetu cha kusomea hujaa watu, na kila mmoja anatafuta bwana mkubwa. Sijaona hata mmoja aliyekuja kumtafuta mfua nguo.

Kazi nimeianza. Lakini sisi hatuanzi na Sir Fulk tukashuka. Tunaanza na wewe na marehemu mama yangu, halafu tunarudi nyuma hatua moja moja, kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Nimefika kwa babu wa babu yenu, aliyezaliwa hapo Ormsthorpe mwaka 1822.

Kuna jambo moja. Mwaka 1634 maofisa wa mfalme wa nembo za koo walipita wilayani wakiandika nasaba za mabwana wote. Kwa Sir Fulk wameandika mjukuu mmoja, na huyo alizaa mabinti wawili tu. Mstari umekoma hapo. Kama kuna tawi jingine, wewe umelijua wapi?

Mpwa wako,
Lorna

*

Ormsthorpe, 8 Januari 1984

Lorna mpwa wangu,

Salamu za mwaka mpya, na pole kwa uchovu. Mimi naendelea. Krismasi nilinunua pai ya nguruwe, nikaikata vipande viwili kwa mazoea, nikakaa nakitazama cha pili mpaka kikakauka.

Unauliza nimelijua wapi. Kitabuni! Kuna daktari mmoja mstaafu wa Kanada alikuja huku majira sita ya kiangazi, akaandika kitabu kinene cha koo za wilaya yetu, kina jalada gumu na uzi wa dhahabu. Fungua ukurasa wa 212. Jasper Tharrold, mtoto wa tatu wa Sir Fulk, alimpenda binti wa mhunzi, baba yake akamfukuza, akaishi kando ya mto, na uzao wake "ungali Ormsthorpe hadi leo." Hadi leo ni mimi. Hao maofisa wa mfalme hawakumwandika kwa sababu mzee alikataa kulitaja jina lake mezani. Jasper alikuwa mtu wa miraba minne, anavuka mto na gunia la ngano begani bila kulilowesha. Hilo halimo kitabuni, nakuongezea mimi.

Kasisi amekiona kitabu. Anasema wewe ukiandika mistari miwili kwamba kimekaa sawa, yeye hana neno.

Fanya hima, mwanangu. Nyumba imekuwa kimya. Upepo ukivuma natazama kabati.

Mjomba wako,
Cyril

*

Lincoln, 19 Februari 1984

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Barua hii nimeiandika mara nne, nikaichana mara tatu.

Ukurasa wa 212 nimeusoma. Chini, kwa herufi ndogo, daktari anasema habari za Jasper amezitoa kwenye kijitabu cha kanisa lenu, kile kinachouzwa mlangoni. Nikakitafuta kijitabu. Nacho kinasema "kwa mapokeo ya wenyeji." Kiliandikwa na kasisi aliyemtangulia Pym, na madaftari yake yote yaliletwa kwetu alipofariki. Nikayafungua. Tarehe 3 Mei 1957 ameandika hivi, nanukuu: "Nimemsikia C. Tharrold, mchimba mitaro, akisimulia baa juu ya Jasper fulani. Hadithi nzuri. Nitaitia kijitabuni."

Kwa hiyo, mjomba, nimetembea kutoka Kanada mpaka Ormsthorpe, na mwisho wa safari nimekukuta wewe na glasi yako.

Lakini nimempata mwingine. Baba wa yule wa 1822 anaitwa Enoch Tharrold. Hakuwa wa hapo. Alitoka ng'ambo ya mto Humber, ambako jina hilo limejaa kama magugu. Alikuja mwaka 1816 na mke na watoto wawili kutafuta kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuchimba mitaro. Zamani hizo maskini alikuwa na parokia yake. Akihamia nyingine, wakubwa wa parokia walihofu atawaangukia mikononi wamlishe, wakampandisha mkokoteni wakamrudisha kwao. Hati zake za kufukuzwa ninazo mezani. Walimfukuza 1816. Akarudi. Wakamfukuza 1817, mke akiwa mjamzito. Akarudi. Wakamfukuza 1819. Akarudi. Mwaka 1820 tuta la mto likapasuka, wakahitaji wachimbaji, na tangu hapo hakuna hati nyingine. Alikufa 1841. Kwenye daftari la mazishi karani ameandika: "Enoch Tharrold, wa parokia hii."

Sasa nisikilize. Kasisi Pym hatasoma herufi ndogo, nami namjua. Nikimpelekea nakala ya ukurasa wa 212 na mistari miwili, Maud atalala kanisani. Sijawahi kuandika uongo kwenye karatasi ya kazi. Kwa ajili ya Maud, ukisema niandike, nitaandika. Niambie tu.

Mpwa wako,
Lorna

*

Lincoln, 25 Machi 1984

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tano sijapata neno lako. Nilipiga simu baa, mwenye baa akasema, "Anakuja, anakaa, anakunywa nusu, anaondoka. Hasimulii kitu." Hilo ndilo limenitisha. Pasaka ni tarehe 22 Aprili. Ukinyamaza nami nitanyamaza, na mawe yatarudishwa.

Lorna

*

Ormsthorpe, 6 Mei 1984

Mpwa wangu Lorna,

Nisamehe kimya. Mimi mzima. Naomba na wewe uwe mzima, na uache kupiga simu baa, watu wanadhani nadaiwa.

Jasper alikuwa farasi wa mkokoteni wa baba yangu. Gunia la ngano ni kweli, alilivusha. Basi nikamwongezea baba mheshimiwa. Maud alikuwepo baa siku ile. Alijua tangu mwanzo, na akafagia kikanisa kile miaka ishirini na sita bila kuitoboa siri yangu. Ndiyo maana alicheka hospitalini.

Jumatano baada ya Pasaka niliitwa. Mawe yameinuliwa. Nikashuka ngazi na taa ya mafundi, na kama kuna mtu anajua shimo ni mimi. Pakavu, Lorna. Fundi aliwasha kiberiti, moto ukasimama wima kama msumari. Hakuna upepo hata wa kupeperusha unywele. Ningekuwa na kopo la Maud mkononi ningeliacha pale pale.

Kasisi akasema, "Haya, Cyril, mpwa wako hajaandika, lakini kitabu kinatosha. Wewe ni wa Sir Fulk au si wake?"

Nikafungua mdomo. Unajua mimi sikosi neno. Nikamfikiria Enoch, anarudi kwa miguu na mke mjamzito, mara ya pili. Wakubwa wa parokia walimfukuza mara tatu. Nikisema mimi ni wa Sir Fulk, basi ya nne namfukuza mimi. Nikasema, "Si wake, Kasisi. Sisi ni wa mtaro." Akanitazama kama nimeugua. Alhamisi wakayarudisha mawe.

Maud yuko kilimani. Usinilaumu, nimeshajilaumu mwenyewe, na nilimwambia kabla sijamtoa kabatini. Lakini sikumwacha hivi hivi. Siku sita nimekuwa kule na koleo. Nimempigia tuta upande wa mashariki, linanifika kifuani, na juu yake nimepanda miche ya miiba, ile ya kufanyia ua, ishirini na minne. Hobday alikuja kunicheka, "Cyril, unajenga ngome?" akaishia kushika koleo la pili. Jana ulivuma upepo wenyewe, ule wa baharini. Nikalala chini kando yake nione. Juu ya tuta nyasi zinalia. Kwake, niliwasha kiberiti. Moto uliyumba, ila haukuzimika.

Jiwe litakuwa dogo. Nimemwambia mchongaji aandike jina lake na miaka yake, na chini maneno matatu: "Wa parokia hii." Akauliza kama hatuna nembo ya ukoo. Nikamwambia tunayo, koleo, lakini asijisumbue.

Uje kiangazi uone. Utaniletea zile hati nizishike. Baa wanamtaka sana Enoch. Juzi waliniuliza alifukuzwa mara ngapi, na mto ulikuwa umejaa kiasi gani aliporudi. Nilikuwa nimechoka, Lorna, mgongo unaniua, nikataka niwaambie ukweli nikalale.

Nimewaambia alifukuzwa mara saba.

Mjomba wako, wa Enoch,
Cyril