Mutua Musyoka wote wawili wako ndani

Mwingi, Alhamisi, 1994

Na bado natabasamu peke yangu kama mtu aliyechanganyikiwa.

Tangu kompyuta ifike kliniki, adui yangu ni kile kitabu chake cha maelezo. Kinasema, kama jambo ambalo hata mtoto anajua, kwamba kila mgonjwa atambuliwe kwa jina lake. Aliyekiandika hajawahi kukaa Ukambani. Mzee Mutua Musyoka alimpa mwanawe jina la baba yake, Musyoka, naye mwana akampa mtoto wake jina la huyo mzee, Mutua. Sasa mjukuu ni Mutua Musyoka, vilevile. Kila nikimwandika mjukuu, babu anafutika.

Niliogopa sana. Siku moja mtoto angepewa dawa ya presha ya babu yake, na mimi ndiye karani.

Jana nilikiweka kando kitabu chao, nikaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili: anza na nambari ya kadi ya mgonjwa, jina lifuate, na mfano ni hawa akina Mutua. Leo nikampa Mama Kalunde wa mapokezi, ambaye hajawahi kugusa hiyo mashine, halafu nikaenda kunywa chai.

Niliporudi alikuwa ameketi wima, miwani puani.

"Mutua mzee yuko," akasema. "Na Mutua mdogo yuko. Kwani wewe ulikuwa unahangaikia nini hizi wiki zote?"

Sijawahi kusifiwa vizuri hivyo.