Kabla Hawajabeba Jenereta

Jumatatu, 28 Aprili 2025
Betri asilimia 88. Kikao cha kamati ya stima. Danson, mwenyekiti wetu, anataka jenereta ya zamani iuzwe. Eti tangu tuwekewe sola imewashwa mara mbili tu, inakula nafasi na kunuka dizeli. Nikasema mimi ndiye ninayesoma mita kila asubuhi. Mawingu yakikaa siku nne, je? Wakacheka — Elsie na jenereta yake! Mikono ikainuka, kumi na mmoja kwa mmoja. Hata Jasper, fundi wa kuchomelea, ndugu yangu wa tumbo moja! Mnunuzi atatoka Garsen Ijumaa.

Jumatano, 30 Aprili
Mvua. 61. Nimekata stima ya kinu cha kusagia, betri isishuke zaidi.

Alhamisi, 1 Mei
Jua hakuna kabisa. 38. Shangazi Kavumbi amelazwa zahanati, kifua kimembana. Nesi Tamar amemweka kwenye mashine ya oksijeni. Ambulensi iko Malindi na mgonjwa mwingine, labda kesho jioni. Bila mashine hafiki hata barabarani, anasema Tamar.
Nimezima kijiji kizima, nimebakiza zahanati. Jasper akaja amefura — madawati ya shule yako nusu! Nikamuuliza, unajua nani yuko kwenye mashine? Hakujua. Akakaa chini kwenye tope.

Ijumaa, 2 Mei
Saa tatu asubuhi, 19. Ikifika 10 betri inajizima yenyewe, na mashine ya oksijeni nayo. Jenereta haina hata tone. Jasper amekwenda Kulesa na pikipiki kutafuta dizeli.

Saa nne. Lori la mnunuzi limefika, Danson mbele. Nikamwomba, ngoja hata jioni, ambulensi imchukue Shangazi. Anasema neno la kamati ni neno, na mawingu yanapasuka, tazama kule! Nimetazama. Kijivu tupu. Wapakizi wameanza kufungua nati zinazoishikilia jenereta sakafuni.

Nimepanda juu ya jenereta, nimekaa. Hapa ndipo ninapoandika, karatasi inalowa.
"Elsie, unatuaibisha," anasema Danson.
"Mama, shuka bwana, tuna safari," anasema mpakizi mmoja.
Mita naiona kupitia dirisha la chumba cha betri. Tamar ametoka hadi mlango wa zahanati, ananiuliza kwa mkono: ngapi? Nimeinua vidole vyote kumi. Kisha vitatu.
Amerudi ndani mbio.
Pikipiki siisikii bado. Nati tatu zimeshatoka. Ya nne iko chini ya mguu wangu, na kijana mwenye spana anasema, kwa adabu kabisa, niusogeze.