Kiongozi wa Kampeni ya Mama

4 Februari

Binti yangu mpendwa,

Hujambo mwanangu? Mimi sijambo, ila goti la kukanyagia cherehani linanisumbua, na baba yako anakohoa pale tu ninapomtuma kazi. Nimemaliza yale mafunzo ya wanawake wagombea uliyonisajili bila kuniuliza. Siku nne nzima. Wenzako walitufundisha kusimama, kupumua, kushika kipaza sauti, na kutosema "samahani" kabla ya kila sentensi. Hilo la mwisho lilitushinda, na mkufunzi tukamwomba samahani.

Siku ya nne wakasema kila mgombea atafute kiongozi wa kampeni: si rafiki wala ndugu, bali mtu atakayekwambia ukweli hata ukinuna. Nimeupitia mtaa mzima kichwani. Mtu wa hivyo ni mmoja tu, nawe unamjua: fundi mwenzangu, yule mama wa ng'ambo ya barabara. Huu mwaka wa tisa hatusalimiani, tangu alipomwambia bibi harusi mbele za watu kwamba nimepachika mikono ya gauni lake kinyume, wa kulia kushoto. Na kweli nilikuwa nimeipachika kinyume. Ndiyo maana sijamsamehe.

Nakitaka kiti hiki, mwanangu. Mtaro umeziba tangu ukiwa darasa la pili, kila mvua maji yananiingilia dukani, na diwani wetu, Bwana Subiri, bado anatuambia tusubiri. Nilipomwambia nitagombea alicheka mpaka akaomba maji ya kunywa. Kesho navuka barabara.

Mama yako

11 Februari

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi mzima, ingawa barua yako imenikatisha hamu ya kula.

Mama, mafunzo yale huyaandika mimi. Tuliposema mtu wa kukwambia ukweli, hatukuwa na maana ya adui. Mchukue yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona, mpole, kila mtu anamheshimu. Nakusihi usivuke barabara mpaka tuongee.

Mwanao

2 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Sote wazima, na baba yako kikohozi kimekwisha tangu apewe cheo cha kubandika mabango. Barua yako ilinikuta nimeshavuka.

Nilisimama mlangoni kwake. Hakuinua macho kwenye sindano.

"Nimekuja," nikasema.

"Nakuona."

"Nagombea udiwani. Nataka uniongozee kampeni."

"Utashindwa."

"Kwa nini?"

"Unaongea kama mtu aliyekuja kuomba chumvi."

"Basi nifundishe."

Akakata uzi kwa meno, akanisogezea kigoda.

Jumapili tukafanya mkutano wa kwanza sokoni. Alipanda juu ya kreti la soda, akasema: "Mimi mwanamke huyu simpendi. Miaka tisa sijampa salamu. Lakini kila mvua ikinyesha namwona anachota maji ya mtaro dukani kwake, akimaliza anakwenda kuchota na ya jirani yake. Simpendi, na kura yangu nampa. Nyinyi mnaompenda mnangoja nini?"

Watu walishangilia mpaka muuza mayai akaangusha trei. Mimi nikabaki na kipaza sauti mkononi. Nakiri niliona wivu kidogo. Lakini tangu siku hiyo watu wananisimamisha njiani, na hawanisimamishi kwa habari za nguo.

Mama yako

13 Machi

Mama kipenzi,

Shikamoo. Huku salama. Barua yako imesomwa ofisini mara tatu, na bosi wangu ameniagiza niliandike upya somo la siku ya nne. Nimeomba ruhusa nije siku ya kura, nikanyimwa. Niandikie matokeo siku hiyohiyo, tafadhali, hata kama ni mstari mmoja.

Mwanao

9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hamjambo huko? Uchaguzi umepita siku kumi na moja sasa. Simu yako imezimwa, na baba nikimpigia ananiambia nikuulize wewe. Sijakukosea, au nimekukosea? Naomba neno moja tu.

Mwanao

14 Aprili

Kwako binti wa jirani yangu,

Hujambo? Mama yako amenituma nikuandikie kwamba hajambo. Kazi niliyopewa ni kusema ukweli, kwa hiyo nakwambia bado hajawa sawa. Alishindwa kwa kura kumi na nne. Simu ameizima kwa sababu anaona amekuaibisha, wewe unayefundisha wanawake wenzake.

Kosa ni langu. Kwenye mkutano wa mwisho mzee mmoja aliuliza kama mtaro utazibuliwa mwaka huu. Mama yako akajibu ndiyo, kwa sauti nzuri, kifua mbele, kama mlivyomfundisha. Nikamnyang'anya kipaza sauti nikasema hapana, mwaka huu haiwezekani, labda wa pili. Kesho yake Bwana Subiri akaahidi kuuzibua ndani ya wiki. Ningerudishwa siku ile ningesema vilevile, ila ningengoja mama yako amalize kuongea.

Siku tatu hakufungua duka. Siku ya nne nikavuka mimi. Nilimkuta kajifunika shuka gubigubi.

"Ulisema nitashindwa," akaniambia.

Nikamjibu kwamba nilisema hivyo kabla sijamjua. Kisha nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Miaka tisa nilimtakia duka lake lifungwe, na siku ya kura nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, nikimwombea ashinde. Akalia. Nami nikalia, ingawa si kawaida yangu. Baba yako akatuletea chai, akaiweka, akaondoka.

Wiki ya Bwana Subiri imepita na mtaro uko palepale. Watu wameanza kupeleka malalamiko dukani kwa mama yako badala ya ofisini kwa diwani, naye anayaandika kwenye daftari lake la vipimo, katikati ya viuno na mabega. Juzi aliandika barua ya mtaa mzima, wamesaini watu mia mbili, na kesho tunaipeleka kwa Bwana Subiri sisi wawili. Hajui bado kwamba yeye ndiye atakayeongea.

Njoo umwone. Usimpe pole wala usimfundishe kitu, keti naye tu. Chumba chako kimejaa mabango, baba yako anakataa kuyatupa, kwa hiyo utalala kwangu.

Mama yako mdogo