Garaji Tuliyobomoa na Matanga ya Babu

Berchem-Sainte-Agathe,
Bruxelles,
Jumapili, tarehe 19 Machi 1995

Mpendwa Shangazi Kahambu,

Leo tumetoka misa, nimekaa mezani jikoni, na nimejiapia kwamba sitaweka kalamu chini kabla sijakueleza yote, hata yale ambayo Papa angependa yanyamaziwe.

Lakini kwanza, hujambo Shangazi? Goti lako linaendeleaje? Na wanafunzi wako, bado wanakaa watatu kwenye dawati moja? Mimi siwezi kusahau kwamba wewe ndiwe uliyenishika mkono nikaandika jina langu mara ya kwanza, kule Butembo. Sisi huku ni wazima wa mwili. Maman anaendelea na kazi yake ya kuwahudumia wazee. Mdogo wangu Hervé ameota meno mapya ya mbele na anayaonyesha kwa kila mtu ndani ya tramu. Baridi imeanza kulegea kidogo.

Pole sana kwa msiba wa Babu. Wewe ulikuwa karibu naye ukamfumba macho. Sisi tulipata habari kwa fonia, ile redio ya misheni, mtu akipiga kelele kupita sauti ya mvua, na Papa akijibu tu, "Ndiyo, nimesikia. Ndiyo."

Jambo linaloniandikisha barua hii ni Papa. Tangu Januari hajamlilia baba yake. Hajanyoa ndevu. Anakwenda kazini, anarudi, anakula kidogo, kisha anatoka nyuma ya nyumba na kukaa peke yake ndani ya kibanda. Ili uelewe, lazima nianze na garaji.

Unakumbuka ile picha tuliyokutumia, ya watu wengi wamekaa chini ya taa moja? Ile ndiyo iliyokuwa garaji yetu, nyuma ya nyumba. Hatujawahi kuwa na gari. Papa alinunua viti vya kukunja, na kila mtu wa Kivu aliyefiwa nyumbani na kukosa nauli ya kwenda kuzika, alikuja kuketi kwetu. Wanaume waliketi pale, wanawake walipika jikoni, watu walilala palepale hadi matanga yaondolewe. Sebule yetu ni nyembamba mno, wageni wanane tu wanagusana magoti.

Mwaka jana ukuta wa garaji ulipasuka ukainamia kwa jirani, na komini, yaani ofisi ya mtaa, ikaagiza tuibomoe yote. Papa hakuhuzunika. Alisema atajenga nyingine ya matofali, yenye dirisha. Tonton Crispin, rafiki yake wa kanisani, alikuja na nyundo na vijana wa kwaya, wakabomoa wakiimba.

Siku hiyo Papa alifanya kama mnavyofanya huko. Alimwita jirani yetu, Monsieur Lucien, na mke wake Madame Viviane. Maman akapika foufou, sombe na kuku. Papa akawaonyesha mpaka, akawaonyesha mahali ukuta mpya utakapopita. Monsieur Lucien alikula, akapangusa mdomo, akampa Papa mkono. Papa akafurahi sana. Alijua jambo limekwisha: jirani amekula, ameona mpaka, amekubali mbele ya watu. Siku chache baadaye akaleta matofali.

Hayakukaa hata wiki. Akaja bwana wa komini, akauliza kibali cha ujenzi kiko wapi. Papa akamwambia, "Jirani amekubali." Yule bwana akamwangalia kama mtu asiyesikia vizuri.

Basi tukaanza safari za ofisini. Mimi nilichora ramani kwa rula, mara nne, kwa sababu kila mara walikosa kitu. Tonton Crispin akamshauri Papa aandike kwamba ni garaji ya gari.

"Grand, ukiandika matanga, hawa watu wataogopa," alisema, maana Papa kwake ni kaka mkubwa. "Andika gari. Gari haliogopeshi muntu."

Papa akaandika gari. Tangazo likabandikwa kwenye dirisha letu, kwamba mwenye neno aje aseme. Siku ya kikao nilikwenda naye baada ya shule. Na aliyesimama kusema neno, Shangazi, alikuwa Monsieur Lucien! Alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alisema sisi ni watu wema, lakini tunafanya sherehe usiku kucha, tunaimba na kupiga kelele, na mke wake hapati usingizi. Kisha mama mmoja wa ofisi akamgeukia Papa na kumuuliza kwa upole, "Gari lenu ni la aina gani, bwana?"

Papa akasema, "Litakuja."

Watu wakacheka. Mimi nilitaka kusimama niseme kwamba zile hazikuwa sherehe, zilikuwa vilio. Lakini Papa aliniminya mkono, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuandika gari.

Garaji ikakataliwa. Walitukubalia vibanda viwili vidogo vya mbao, vya kuwekea vyombo vya bustani, tena viachane, visiunganishwe kwa paa. Usiku ule Tonton Crispin alikuja kumpa pole.

"Alikula kwangu, Crispin," Papa alisema. "Alikula kuku wangu!"

"Grand, huku muntu anakula kwako, anakuambia merci, kisha anaenda kukushitaki. Kwao ni vitu viwili. Kuku haina signature."

Maman alicheka. Papa hakucheka.

Vibanda vilisimama Desemba. Kimoja kina baiskeli na majembe. Kingine kimejaa vile viti, vimekunjwa vikapangwa hadi juu. Na mwezi uliofuata ndipo Babu akatuacha.

Padri alitupa ukumbi wa parokia. Watu walikuja wengi, hata kutoka Liège. Wazee walisema kwanza, kama desturi ilivyo, wakimwachia Papa neno la mwisho. Wewe unajua kwamba mwana wa kiume wa kwanza ndiye husimulia maisha ya baba yake, watu wakisikiliza hadi kunapopambazuka, na hapo ndipo machozi hutoka yote. Papa alisimama. Alisema, "Baba yangu alizaliwa wakati wa kuvuna..." na mtunza ukumbi akaingia na funguo, akasema samahani, ni saa ya kufunga. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameagizwa. Tukakunja viti. Watu waliokuja kulala kwenye matanga wakaenda kusubiri treni. Tangu hapo Papa hajaendelea na lile neno.

Wiki iliyopita Madame Viviane aliniuliza kutoka upande wa pili wa ua, "Baba yako anatafuta nini mle kibandani kila siku?" Nikamweleza yote, ya viti, ya vilio, ya Babu. Akafunika mdomo kwa mkono.

Jioni Monsieur Lucien alimfuata Papa kibandani bila kofia, na manyunyu yalikuwa yakianguka.

"Paluku, mimi nilidhani ni sherehe," alisema.

"Kosa ni langu pia," Papa akamjibu. "Nilisema ni gari."

Monsieur Lucien akatoa kiti kimoja, akakikunjua nje ya mlango wa kibanda, kwa kuwa ndani hakuna nafasi ya wawili. Akaketi palepale kwenye manyunyu hadi mke wake alipomwita kula. Papa alimshukuru, akamsindikiza mpaka getini. Nilifikiri sasa atalia. Hakulia.

Nikamuuliza, "Papa, si umeketi na mtu? Matanga hayajaisha?"

Akanishika kichwa. "Mutoto wangu, jirani anaweza kuketi na wewe. Lakini kuondoa matanga, hapana. Hiyo ni kazi ya mukubwa wa nyumba."

Shangazi, mkubwa wa nyumba sasa ni wewe, uliyemtangulia Papa kuzaliwa. Ndiyo maana nimekuandikia bila kumwambia.

Nisalimie Bibi na umshike mikono kwa niaba yangu. Msalimie binamu Bienaimé na Mama Marie-Jeanne wa duka la chumvi. Mungu awafunike huko milimani, na mahali Babu alipolala pasikauke majani. Barua hii anaileta Tonton Kazadi, naye atarudi baada ya Pasaka, basi tafadhali mpe jibu mkononi mwake, hata likiwa la mstari mmoja.

Sebule yetu ni nyembamba, lakini sisi watatu tunaenea, na hakuna mwenye funguo wa kutufungia. Je, Shangazi, unampa Papa ruhusa atusimulie Babu humo, mbele ya Maman, Hervé na mimi tu, hadi kupambazuke, kisha Maman amnyoe ndevu, na wewe huko uyahesabu kuwa ni matanga?

Ni mimi, mtoto wa mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Masika Ornella