Elfu Sabini Yako, Dada Zuhura

Dada Zuhura,

Nikuulize hujambo ya nini, na mchanga wa Zinga umeshakufunika? Nakuandikia kwa hasira. Elfu sabini sasa inagawanyika.

Mama alipofariki tulikubaliana sisi binti zake watatu tumsomee La ilaha illallah elfu sabini, kama wazee wetu wanavyowasomea wafu wao. Wewe, mwalimu wa hesabu, ukaivamia namba ile kama umekamata mwizi: "Haigawanyiki kwa tatu! Jumlisheni tarakimu zake, mtapata saba. Ivunjeni, mtakuta mbili nne, tano nne na saba moja, zinazidishana. Tatu hamna humo!" Shangazi akakwambia, "We mtoto, hata msibani?" Tukacheka huku tunalia. Kila mmoja akachukua elfu ishirini na tatu, mia tatu thelathini na tatu. Ikabaki moja, ukaichukua wewe kwa kuwa ndiye mkubwa.

Tangu bodaboda ikugonge pale Kerege, tumebaki mimi na Mwanaidi. Elfu thelathini na tano kwangu, elfu thelathini na tano kwake, basi. Nimeichukia namba hiyo, Dada, wallahi. Inakwenda sawasawa utadhani hukuwahi kuwepo.

Arobaini yako tumeisoma jana. Mwanaidi akawatangazia watu kwamba elfu sabini imetimia, dua ikaombwa, pilau ikaliwa. Tulipokuwa tunasugua masufuria nikamuuliza alihesabu vipi. "Mizunguko mia tatu na hamsini ya tasbihi ya Mama, kila mzunguko mia." Tasbihi ya Mama ina shanga tisini na tisa! Si ulitupigia kelele kwa hilo mpaka tukakuchoka? Kila mzunguko umepungua moja. Umepungukiwa mia tatu na hamsini, Dada, na watu wameshakula wameondoka.

Nikamwambia. Labda ningenyamaza, lakini mdomo wangu unaujua. Akaketi chini pale uani, mikono imejaa masizi, akasema, "Usinirudishe huko, mdogo wangu. Siwezi kumzika mara ya pili." Sikumlaumu. Amekonda, hata chai inamshinda.

Shuleni kwako ameletwa mwalimu mwingine. Wanafunzi wanasema anafundisha vizuri. Nimewachukia na wao, bure tu.

Basi hizo mia tatu na hamsini nitazisoma mimi. Ni mizunguko mitatu na shanga hamsini na tatu. Nimepiga hesabu mara mbili, kama ulivyotufundisha. Mtu mwepesi anazimaliza kabla wali haujaiva. Mimi tangu asubuhi tasbihi iko mapajani na sijaanza.

Pumzika, dada yangu. Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuahidi sitaruka hata moja. Ila usinihimize. Nikizimaliza hizi, sina tena kazi ya kukufanyia.

Mdogo wako,
Mwanahamisi