Chungu Kilichosuguliwa

Likasi, 4 Juni 1979

Mama mpendwa,

Mimi mzima, mgongo wako je? Huku petroli imekosekana wiki nzima. Katika maabara yetu tunachemsha magunzi ya mahindi kwa asidi tupate sukari, kisha chachu iigeuze kuwa alkoholi ya kutia kwenye injini. Lakini maji yale ni makali, chachu ya makopo inakufa siku ya pili. Nimekumbuka chungu chako cha pombe, kinachoumua hata kwenye joto la Oktoba. Mpe Floribert wa lori aniletee. Tusipofaulu kabla ya mwisho wa Julai, nitarudishwa kupiga taipu, na mimi sirudi.

Binti yako, Émérence

Mwadingusha, 15 Juni

Mwanangu,

Mgongo unaniuma, lakini shambani naenda. Chungu anacho Floribert. Nimekisugua kwa majivu mara tatu na kukianika juani, wahandisi wasiseme umetoka nyumba ya uchafu.

Mama yako

Likasi, 22 Juni

Mama,

Pole na mgongo. Chungu kimefika, kinang'aa, nami nimelia. Chachu ilikuwa kwenye ule utando wa ndani. Kosa ni langu, sikukueleza. Nimejaribu chachu kumi na moja, zote zimekufa, na bado natafuta. Je, uliwahi kumgawia mtu machicha ya pombe yako, yenye chachu ile ile?

Binti yako

Mwadingusha, 9 Julai

Mwanangu,

Mwili mzima, moyo ndio ulisumbuka. Niliyemgawia ni Georgette, na tangu matanga ya baba yako hatusalimiani. Siku nane nimepita mlangoni pake bila kuingia. Leo nimeingia. Akasema, "Miaka sita weye unanipita mu njia, leo unatafuta machicha?" Nikamjibu, "Mutoto iko na shida. Minye nilikosa." Akanijazia chupa. Usiioshe.

Mama yako

Likasi, 27 Julai

Mama,

Natumaini umeamka salama. Leo ni siku ya sita tangu nitie machicha kwenye maji yale, na chupa bado inatoa povu. Chachu iliyobaki hai naihamishia kwenye maji makali zaidi, nayo inaendelea kufanya kazi. Kwenye taipu sirudi. Mhandisi Léon anataka jina la kuipa chachu hii katika daftari. Nitaandika lako.

Binti yako

Mwadingusha, 5 Agosti

Mwanangu,

Tu wazima, na barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha. Jina langu usiandike. Mimi niliisugua kwa majivu. Georgette aliitunza miaka yote sita, hata siku ambazo hakutaka kuniona. Andika lake.

Mama yako