Chunjua la Mzee Obren

Jumatatu, 16 Oktoba

Mzee Obren amekuja kabla sijanywa kahawa. Ametoka makaburini kuangalia jiwe lake. Yuko hai, ana miaka sabini na nane na afya ya kunishinda mimi, lakini jiwe liko tayari kama la kila mtu hapa: granaiti nyeusi, jina, mwaka wa kuzaliwa, nafasi tupu ya mwaka wa pili, na uso wake uliochongwa kutoka kwenye picha niliyompiga mimi. Upande wa mkewe bado mtupu. Mama Stamena amekataa kupigwa picha mpaka nywele zishike rangi.

Kwenye shavu la jiwe kuna chunjua.

Mzee Obren hana chunjua. Ameniinamia nipapase shavu. Nimepapasa. Hana.

Nimempigia simu Sreten, mchongaji. Amesema yeye huchonga kilichomo kwenye picha, haongezi wala hapunguzi, ndivyo alivyofundishwa. Aliona doa jeusi, akalichimba kwa kina ili mvua isije ikalifuta. Yeye ameona limependeza.

Nimefungua picha. Doa lipo! Nimefungua za harusi ya Septemba. Doa lipo, pale pale — kwenye paji la kasisi. Kwenye keki. Kwenye nguruwe wa kuchoma. Miezi miwili nazunguka nalo na hakuna aliyenishtua.

Jumanne, 17 Oktoba

Si lenzi. Nimebadilisha lenzi, doa limebaki. Basi ni vumbi kwenye kihisi, kile kioo kidogo ndani kabisa kinachopokea picha. Belgrade wanasafisha kwa bei ya mtoto wa nguruwe, na kamera wanakaa nayo wiki tatu. Sina nguruwe wala wiki tatu. Tarehe 4 Novemba ni Jumamosi ya wafu, kijiji kizima kitakuwa makaburini na mishumaa na vyakula, na jiwe lazima liwe limekamilika, mume na mke.

Sreten amesema wazi: picha ya Mama Stamena ikiwa na kasoro tena, kazi zote za mawe anampa mpiga picha wa mjini. Mawe ndiyo yanayonilisha. Harusi siku hizi wanapiga kwa simu.

Mama Stamena nimekutana naye dukani. Hakunisalimu. Amesema tu, “Nilale milele na mwanamume mwenye chunjua? Watu watasema nilikuwa na wa pili.”

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimesoma jinsi ya kusafisha kihisi mwenyewe. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Usitumie kopo la hewa iliyoshindiliwa. Nunua kipira cha mpira kisafi, chaji betri ijae, geuza kamera itazame chini, kisha puliza, vumbi lianguke lenyewe.

Kipira bora kwa bei ndogo ni kile cha kufyonzea kamasi za watoto wachanga. Nimekinunua famasi. Yule mama wa famasi ameniuliza mtoto ana miezi mingapi. Nimesema ni cha kwangu.

Nilipofika darajani, tayari watu wawili wamenipa hongera. Nina miaka hamsini na nne!

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimefunga milango na madirisha yote ili vumbi litulie. Mama mkwe amefurahi mpaka machozi. Tangu niolewe tunagombana, mimi nafungua, yeye anafunga — kwake hewa ikipita kati ya madirisha mawili ni maiti nyumbani. Leo kasema hatimaye nimepata akili. Amekaa nami jikoni, ananiangalia napuliza.

Nimepiga picha ya ukuta mweupe, tundu la lenzi dogo kabisa. Doa halijatoka. Limesogea kidogo, kama mtu aliyeamshwa akageukia upande wa pili.

Jumapili, 22 Oktoba

Mimi ni mjinga. Niandike hivyo na niache.

Hapana, niandike yote. Vumbi likigoma kwa hewa, linafutwa kwa kijiti maalumu chenye tone la spiriti safi. Vijiti vitatu nilivipata kwa posta. Spiriti sikuwa nayo. Lakini nyumba hii ina rakia, pombe yetu kali ya matunda! Rakia inasafisha madirisha, inashusha homa, marehemu mume wangu alikuwa akisafishia hata kabureta. Nikamwomba mama mkwe ile kali, iliyochemshwa mara mbili. Akanipa chupa. Nikafuta mara moja kwenda, mara moja kurudi, kama walivyoelekeza.

Ilikuwa rakia ya asali.

Madoa sasa ni kumi na moja, na yamenata. Mama mkwe amesema chupa zinafanana. Iliyobaki ameinywa, kwa mshtuko.

Ijumaa, 27 Oktoba

Sreten, kwa huruma au kwa aibu, amenipa spiriti yake safi ya kufutia granaiti. Nikashika kijiti cha pili. Nikafuta. Madoa manne. Kijiti cha tatu, cha mwisho.

Ukuta mweupe. Mweupe pe! Hakuna kitu. Nimeukuza mpaka nikaona punje za chokaa. Nimelia. Mama mkwe naye amelia, kisha ameuliza tunalilia nini.

Jumatatu, 30 Oktoba

Nimekwenda kwa Mzee Obren na habari njema. Sikupewa hata nafasi ya kuitoa.

Makaburini kuna Obren watatu wa ukoo mmoja, masharubu yaleyale, na jamaa wanaokuja kutoka Vienna kila mwaka humwashia mishumaa yule asiye wao. Mzee amelalamika miaka ishirini. Sasa baa nzima inamwita Obren wa Chunjua, na yeye amekaa akafikiri. “Wakati wangu ukifika,” kaniambia, “hakuna atakayekosea.” Alikuwa anajipapasa shavu kwa fahari.

Mama Stamena naye kageuka. Anataka doa kama la mumewe, wajulikane kuwa ni mke na mume. Nikasema nimeshasafisha. Nikasema Sreten achonge tu. Sreten kasema kwa simu haongezi wala hapunguzi, liwemo kwenye picha kwanza. Nikaleta penseli ya nyusi.

Mama Stamena akaisukuma. “Kujipaka ni uongo, Vidosava. Lile la Obren lilikuja lenyewe.”

Picha bila doa, hataki. Bila picha, hakuna jiwe. Na Sreten ananisubiri mimi.

Alhamisi, 2 Novemba

Saa nne asubuhi. Naandika huku nasubiri. Sreten anataka picha leo jioni, la sivyo Jumamosi itamkuta hajamaliza.

Kamera iko mezani, lenzi nimeivua, kihisi kiko wazi kinatazama dari ili vumbi lirudi. Nimekisogeza karibu na jiko. Nimekipitisha juu ya gunia la unga. Picha saba za ukuta, zote safi.

Mzee Obren ameketi ameshika mkoba wa mkewe. Mama mkwe amefungua madirisha yote mawili, kwa mkono wake mwenyewe, amejifunga skafu mbili shingoni na anakung'uta zulia katikati ya jikoni.

Ya nane. Safi.

Mama Stamena ameuliza kama limeshaingia. Nimemwambia avumilie kidogo. Ametulia kwenye kiti, nywele nyekundu zimeshika rangi, shavu ameshaligeuza.